Malkia Aliyebeba Mtoto Mgongoni

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni filimbi ya sufuria ya mvuke ya Bibi Shanta. Ilipenya ukuta mwembamba uliotenganisha nyumba yake na yetu, pale Blacktown, kitongoji cha Sydney, ikalia mara moja, mara mbili, na ya tatu ikakatika katikati kwa sababu Bibi alikuwa amezima jiko. Bangili zake zikagongana, halafu harufu ya kitunguu saumu na bizari ikaja kututafuta mpaka chumbani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Filimbi ya tatu kwangu ilikuwa kengele, tena tamu kuliko ya shule: dengu zimeiva, Bibi ameketi, na malkia wa hadithi yake anaendelea kutoka pale tulipomwacha jana.

Bibi Shanta alikuwa Mhindi wa Kisumu. Alizaliwa huko, akauza vitambaa huko na mumewe, kisha uzeeni mwanawe akamleta Sydney. Mama yangu naye ni wa Kisumu. Siku walipokutana kwenye mapipa ya taka na kugundua kwamba wote wanajua Kiswahili, walisimama pale wakipiga soga mpaka maziwa yetu yakafurika jikoni. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha dukani, kifupi na cha kuamrisha, lakini kilikuwa na joto. "Wewe Akinyi, kuja hapa. Shika hii njegere, menya," aliniambia, nami nikamenya huku nikisikiliza. Ukutani alikuwa na kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha zamani. Hakutaka kuitoa kwa sababu ya picha yake: mwanamke juu ya farasi mweupe, upanga hewani, macho makali kama pilipili. Huyo ndiye Malkia wa Jhansi, mji wa kule India.

Kwa wiki nzima alinisimulia jinsi binti huyo alivyolelewa kati ya wavulana, akajifunza farasi na upanga kama wao. Jinsi alivyoolewa na mfalme wa Jhansi, akazaa mtoto wa kiume, na mtoto akafa angali mchanga. Hapo Bibi alifuta miwani yake kwa ncha ya sari. Mfalme na malkia wakamchukua mtoto wa ndugu wakamfanya wao. Mfalme alipokufa, Waingereza waliotawala wakasema mtoto wa kulea si mrithi, na mji wakauchukua. "Malkia akakataa," Bibi alisema, akigonga meza kwa mwiko. "Akasema hapana. Mimi iko hapa, mtoto iko hapa, mji ni yetu." Mimi, kichwani mwangu, nilikuwa tayari nimemwona malkia akipita kwa farasi mbele ya kituo cha treni, watu wote wakimpisha. Ndivyo nilivyokuwa, na nadhani ndivyo nilivyo hata leo.

Lakini nyumbani kwetu majira hayo ya baridi kulikuwa na tatizo, na tatizo lilikuwa mimi. Mama alikuwa ameanza masomo ya kutunza wazee, siku tatu kwa wiki, alasiri. Baba aliendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany na hakurudi kabla ya giza. Mdogo wangu Omondi, wa miezi minane, hakuwa mtoto wa kitanda wala wa kigari. Alilala mgongoni mwa mtu tu. Basi nikitoka shule Mama alimpandisha mgongoni pangu, akanifunga leso, akakimbilia treni. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku wasichana watatu wa darasa langu waliponiona nje ya duka la mkate. Mmoja aliuliza kama sisi hatujui vigari. Mwingine akasema nimeota nundu. Kesho yake uwanjani nikawa Ngamia. "Ngamia, leo umebeba maji?" Wahenga wamesema asiyekujua hakuthamini, lakini nani anakumbuka wahenga akiwa na miaka kumi na moja?

Nikakataa leso. Nilimtia Omondi kwenye kigari, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mara mbili nilimpigia Mama simu akiwa darasani, arudi nyumbani. Jumatano jioni nilimsikia akimwambia Baba taratibu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza: "Kesho nitawapigia simu chuoni. Nitaacha tu. Labda mwaka mwingine."

Alhamisi filimbi ililia, nikaenda kwa Bibi nikiwa na uso wa mvua. Nilimwambia yote, hata la ngamia. Hakunibembeleza. Alininyooshea kidole kuelekea kalenda. "Wewe naangalia hii picha kila siku. Naona nini?"

"Upanga."

"Angalia tena."

Nikasogea. Nyuma ya malkia, chini ya bega, kulikuwa na kichwa kidogo chenye kilemba. Mtoto. Amefungwa kwa kitambaa, shavu lake limelala mgongoni. Njegere zote zile nilizomenya, sikuwahi kumwona.

"Mji nazungukwa, mizinga napiga," Bibi alisema. "Yeye nafunga mtoto, napanda farasi, natoka. Sasa angemwacha kwa nani?"

Mama alikuwa amenifuata na sahani ya kurudisha, akasikia. Akaitazama picha kwa jicho la fundi. "Bibi, mchoraji amekosea. Farasi anaruka, huwezi kufunga fundo kifuani. Mtoto atateleza. Hapo ni begani, upande mmoja."

"Wewe napanda farasi lini?"

"Nimepanda bodaboda na huyu Akinyi mgongoni. Ni yale yale."

Wakabishana hivyo, wakicheka, hadi chapati ikaungua. Kisha nikauliza ilikuwaje mwisho. Malkia alikufa vitani baadaye, Bibi alisema, bado kijana, amevaa kama askari. "Lakini mtoto naishi."

Siku hizi nina miaka ishirini na minne na napanga maboksi kwenye ghala kule Minto, huku kichwani nikipanga mambo mengine makubwa zaidi. Nimesoma kidogo kuhusu malkia yule. Wapo wasemao habari ya kutoroka na mtoto mgongoni imetiwa chumvi. Haidhuru. Bibi Shanta hayupo tena, na ukuta wetu sasa uko kimya. Mama ana miaka mingi kazini kwa wazee, na Omondi amenipita kwa kimo; nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mwana hutazama kisogo cha nina, wanasema. Huyu alitazama changu, na hakumbuki. Blacktown ya leo naona akina mama wengi, na akina baba pia, wa kila rangi, wamefunga watoto kwa vitambaa vya bei, na hakuna anayeitwa ngamia.

Ila Alhamisi ile, tulipotoka kwa Bibi, Mama alichukua simu akakaa nayo mezani, akitafuta maneno ya kuwaambia chuoni. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Sikuwahi kujifunga mtoto bila mtu wa kunishikia. Nikainama mpaka mgongo ukawa kama meza, nikamvuta Omondi juu kwa mkono mmoja, nikamtupia leso, nikaipitisha begani, upande mmoja, nikakaza fundo. Nikasimama polepole. Hakuteleza.

Nikapita mbele ya Mama, nikafungua mlango wa barabarani, nikatoka naye nje, kuelekea duka la mkate.