Gurudumu la Severini pale Mkula

Severini aliendesha roli la mpunga miaka ishirini na miwili, Ifakara hadi Kidatu na kurudi, na watu wa Mlabani, mtaani kwake, walimtania kwamba Odilia, mkewe, akitaka aamke sharti ampigie honi. Mtu mpole, na tusidanganyane, mwoga pia. Sheria ya barabara aliijua kama wenzake wote: ukigonga mtu usisimame, maana wanakijiji watakumaliza kabla hujajieleza. Nenda moja kwa moja polisi.

Ndivyo alivyofanya mwaka tisini na nne, asubuhi moja ya ukungu, karibu na Mkula. Kitu kilicholala barabarani alikiona kimeshafika chini ya taa. Roli likaruka kidogo, likatulia. Hakusimama. Alilisimamisha kituoni kwa polisi, akaeleza alichogonga.

Maiti ilikuwa ya Ngusa, mfugaji wa Kisukuma. Daktari alikuta jeraha la panga kichwani, na panga lilitangulia gurudumu. Polisi wakamwachia Severini. Lakini kipi kilimaliza kazi, daktari hakuweza kuapa, na hapo ndipo usingizi ulipomhama Severini. Kila akifumba macho, roli linaruka.

Kisha pikapu nyeupe ikaanza kumfuata. Haikumpita wala haikupiga honi. Akipunguza mwendo, nayo inapunguza. Akisimama Sanje kununua ndizi, nayo inasimama mbali, juani, vioo vimepandishwa vyote. Jamani, nani hupandisha vioo katika joto la Kilombero? Aliogopa mno, akawaeleza madereva wenzake, Edward na Kheri.

"Hao ndio wenye panga," Kheri alisema. "Wanadhani uliwaona. Kaka, wewe endesha tu. Tuko nyuma yako."

Siku ya tatu, saa nane mchana, Severini alifika kwenye daraja jembamba la mbao, akasimama katikati na kuzima injini. Pikapu ikasimama nyuma yake. Nyuma ya pikapu likaingia roli la Kheri, polepole, likasogea mpaka likaigusa. Kingo za daraja hazikuacha nafasi ya kufungua mlango wa pikapu. Edward, aliyekuwa nyuma ya wote, akageuza roli lake kwenda kuwaita polisi.

Mlango wa roli la Severini ulikuwa juu ya kingo; akashuka, akajipenyeza pembeni ya pikapu, akagonga kioo. Kikashuka kidogo. Ndani walikaa wanaume wawili, wametulia mno, kana kwamba wanasubiri zamu yao mashineni.

"Niambieni jambo moja tu," Severini alisema. "Mlipomlaza pale, alikuwa ameshakufa?"

Yule wa usukani alimtazama bila chuki. "Alikuwa anapumua. Tulijua dereva hasimami."

Kioo kikapanda.

"Amesemaje?" Kheri aliuliza kutoka kwenye roli lake.

"Amesema alikuwa ameshakufa," Severini alijibu. Akarudi kwenye roli lake, akapanda, akafunga mlango, akalia.