Chenesai Hajala Kitu

Daktari alimwambia wifi yangu Marwei kwamba bintiye Chenesai ana kisukari cha mimba, kwa hiyo sadza, ugali wetu wa mahindi, ipunguzwe. Kumbe kamwambia mtu asiyejua kupunguza, anajua kukataza tu. Tangu siku hiyo sadza nyumbani kwa kaka yangu ikawa inafichwa kama bangi. Marwei anawapikia wanaume, anaifunika, kisha anasimama mlangoni kama askari wa benki.

Mimi ni shangazi wa Chenesai, na kwetu Murewa shangazi haombi ruhusa ya kuingilia mambo. Nilihamia pale kwa sababu nilikuwa na hofu. Mimba ya kwanza ya Chenesai ilifika mwisho, mtoto akazaliwa mkubwa, mnene, mzuri, hana uhai. Ni sukari, wakasema, lakini walisema tumeshazika. Safari hii hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzika tena.

Kila Jumanne tunakwenda kliniki. Sista Mudzingwa, nesi wa wajawazito, anamtoboa kidole, anakitazama kile kimashine chake cha kupimia sukari, anabetua mdomo.

"Imepanda tena. Umekula nini leo?"

"Sijala kitu, Sista."

"Mama, ni kweli?"

"Hajala," anajibu Marwei, mkono kifuani. "Tangu jana hajagusa chakula. Mwanangu anashinda njaa, na hiyo sukari haina hata aibu."

Na hakuna aliyekuwa anadanganya. Mimi mwenyewe ningeapa mahakamani.

Sista akatuambia Jumanne ijayo ikiwa haijashuka, Chenesai anakwenda kulazwa Harare, maana mtoto yuko hatarini. Chenesai alilia njia nzima. Tulipofika nyumbani mama yake akambembeleza kwa jagi la togwa, uji wetu mtamu wa kunywa. "Kunywa mwanangu, utulize tumbo, maana hujala."

"Wifi, huyu utamuua kwa njaa," nikamwambia.

"Na wewe udaktari umesomea wapi? Kwenye shamba la karanga?"



Jumanne ikafika. Tulimkuta Sista mezani kwake, mkono mmoja mkate uliopakwa jamu, mwingine kikombe cha chai. Nikamwomba radhi kwa kumkatizia mlo.

"Mlo gani, Shangazi?" akasema, shavu limejaa. "Hapa mnaponiona sijala tangu jana. Nikitoka ndiyo nikatafute sadza yangu."

Nikautazama ule mkate. Nikalitazama lile shavu.

"Chenesai," nikasema, "asubuhi, wakati ule ulipokuwa hujala, ulitafuna nini?"

"Chai tu, Shangazi."

"Na nini?"

"Mkate. Na viazi vitamu kidogo, sahani moja. Na togwa, nilikuwa na kiu."

"Chai ina sukari?"

"Ya kawaida," akadakia Marwei. "Vijiko vinne. Lakini Wifi, hivyo navyo ni chakula? Mtu hajala mpaka ale sadza, hata mtoto mdogo anajua."

Sista Mudzingwa aliacha kutafuna. Akafungua droo, akauweka mkate wake mle taratibu, akaifunga. Halafu akacheka mpaka akajishika mbavu, na Marwei akanuna.

"Sasa sikuulizi tena umekula nini," Sista akamwambia Chenesai, machozi ya kicheko yangali usoni. "Nitakuuliza kilichopita mdomoni. Hata kama ni nzi. Harare itasubiri wiki moja."

Sadza ikarudi, kibonge kidogo na mboga nyingi. Sukari nikailalia mimi chini ya mto wangu. Marwei alinichukia wiki nzima, kisha akaanza yeye mwenyewe kuwanyang'anya majirani vikombe vya togwa walivyomletea Chenesai. Kimashine cha Sista kikatulia.

Mtoto alikuja mwezi wa Agosti, msichana, mwembamba, mkali. Alilia mpaka wadi nzima ikageuka. Marwei akanyoosha mikono ili ambembeleze, kama bibi yeyote, lakini Chenesai akamzuia.

"Mwache, Mama. Mwache alie kidogo. Yule mwingine sikumsikia."