Ndoo ya dagaa Kirumba ilivyookoa kazi yangu ya mainframe

Wakuu, heshima zenu. Naandika huku nacheka peke yangu. Kisa ni cha kweli tupu, asiyeamini aje Nyegezi nimwoneshe code.

Mimi ni programmer wa mainframe, yale makompyuta makubwa ambayo mabenki bado yanayategemea. Kampuni moja ilinipa kazi kwa majaribio, nafanyia nyumbani.

Jaribio la mwisho: programu isome wateja waliopangwa kwa majina, ilinganishe kila mmoja na aliyemtangulia, ioneshe waliojirudia. Ikigoma mpaka Ijumaa jioni, kwaheri ajira. Na mke wangu Koku alishatangazia ukoo mzima Bukoba kwamba nimepata kazi!

Ijumaa asubuhi naiendesha. Mama yangu! Inasema kila mteja amejirudia. Wote! Hata jina langu, nililoweka mara moja tu kwa kujaribu.

Nikakodolea macho code mpaka Koku akachoka. "Baba Jovi, hebu toka humo ndani. Nenda Kirumba kaniletee dagaa."

Nikaenda, nimenuna kweli.

Pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, mama muuzaji ana ndoo moja ya kupimia. Akaijaza dagaa safi, wanang'aa. Nikamwambia, "Shikamoo mama, hao hao ni wangu," nikaenda kutafuta mfuko.

Narudi, ndoo ipo palepale, ila ndani ni vichwa na vumbi.

"Mama, siyo hawa!"

"Wale nimemmiminia dada mmoja. Ungekinga mfuko, baba. Hii ndoo ya kupimia, siyo ya kukutunzia."

Wakuu, nilipiga kelele: "BUFFER!" Mwalo mzima ukageuka.

Iko hivi. Programu ikiomba rekodi, yaani taarifa za mteja mmoja, mfumo unaiweka kwenye buffer, yaani hiyo ndoo, halafu unakwambia tu ilipo. Mimi nilitunza mahali ilipo, sikuinakili rekodi yenyewe. Nikisoma inayofuata, inaingia palepale. Kwa hiyo nilikuwa nalinganisha mteja na yeye mwenyewe! Lazima afanane, jamani!

Nikatimua mbio kama mwizi wa kuku. Nyumbani nikaongeza mstari mmoja wa kunakili rekodi kwenye eneo langu kabla ya kusoma nyingine. Nikaendesha. Wakatoka wachache tu, waliojirudia kweli.

Nikatuma. Jioni bosi akapiga: "Jumatatu unaanza rasmi."

Nilimbeba Koku nikamzungusha sebuleni, tunacheka kama wehu, mwanetu Jovi anapiga makofi bila kujua ni ya nini. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Akashuka, akafuta machozi. "Hongera, Baba Jovi. Haya, dagaa wako wapi?"

Nikatazama mezani, kando ya kompyuta. Mfuko niliorudi nao ulikuwa bado palepale. Mtupu.

Somo, wakuu: ukipewa kitu kwenye ndoo ya watu, kimimine kwako kwanza, ndipo uombe kingine. Na ukitumwa dagaa, rudi na dagaa.

Wazee wa mainframe mpo humu? Leteni na vituko vyenu. Sisi tumekula ugali kwa maharage, na tumefurahi.