Mtulinga wa Nkwabi

Odeta Kashindye alikuwa na kinyongo cha miaka saba, na alikitunza vizuri kuliko watu wengi wanavyotunza ng'ombe. Hakukipigia kelele. Alikwenda nacho kazini asubuhi, akarudi nacho Nyegezi jioni, akala nacho ugali na sato, akalala nacho. Ungemkuta sokoni ungesema ni mama mpole wa kwaya, na mpole alikuwa kweli, kwa watu wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni Daktari Revocatus Mihayo.

Odeta alikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali moja kubwa ya Mwanza. Kazi hiyo aliisomea miaka mitatu na aliifanya kumi na miwili, na mashine aliyopewa ilikuwa kuukuu kiasi kwamba kaseti zake, yale makasha ya kuwekea filamu, zilivujisha mwanga pembeni, kwa hiyo picha nyingi zilitoka na kona moja nyeusi tii. Hilo halikuwa kosa lake. Lililokuwa juu yake alilifanya kwa uangalifu wa kuudhi. Kabla ya kupiga picha ya kifua, mpiga picha hubandika herufi ndogo ya madini ya risasi upande wa kushoto wa mgonjwa, kwa sababu filamu inapitisha mwanga na ukiigeuza, kushoto kunageuka kulia. Wenzake walibandika kwa mazoea. Odeta alimshika mgonjwa bega na kumwuliza, "Huu ni mkono gani?" Mpaka mgonjwa mwenyewe atamke kushoto, ndipo abandike. Wauguzi walimcheka kwamba anawapa wazee mtihani wa chekechea.

Mwaka 1991, katikati ya masika, alifanya jambo ambalo mpiga picha hafanyi. Alimpelekea Daktari Mihayo picha, akaonyesha kwa kidole akasema, "Daktari, mimi naona kama kuna kivuli hapa." Alisema kwa nia njema. Daktari aliangalia kile kidole, halafu akawaangalia wauguzi.

"Wewe kazi yako kubonyeza," alisema. "Ukitaka kusoma picha, nenda kasomee udaktari."

Wauguzi walicheka. Mmoja alirudia neno "kubonyeza" wodini kutwa nzima. Odeta alirudi chumbani kwake uso ukimwaka, na siku ile alijiapia kwamba mtu yule hatasikia tena neno lake juu ya picha yoyote.

Wiki mbili baadaye aliletwa Nkwabi, mkulima wa pamba wa Magu, mwanamume mrefu anayehema kama aliyekimbia. Odeta alimsimamisha mbele ya kaseti, akamshika bega. "Huu ni mkono gani?"

"Kushoto. Na taratibu hapo, dada," alisema Nkwabi. "Maksai alinivunja mfupa huo wakati wa kulima. Ulijiunga vibaya."

Odeta alipapasa mtulinga wake, ule mfupa wa juu ya kifua unaokwenda begani, akakuta nundu ya ukubwa wa kokwa la embe. Akabandika herufi yake. Picha ilipotoka kwenye dawa, kona ya bega lile ilikuwa imeungua nyeusi kama kawaida ya zile kaseti, lakini kifua kilionekana. Maji yalikuwa yamejaa kushoto. Na moyo ulikuwa kulia. Odeta aliitazama ikichuruzika maji, akakumbuka somo la chuoni: katika maelfu ya watu hupatikana mmoja aliyezaliwa hivyo, moyo upande wa pili, na anaishi vizuri tu bila kujijua.

Aliipeleka. Daktari alikuwa na haraka. Ndio mwaka ambao madaktari waliruhusiwa tena kufungua zahanati za binafsi, naye alikuwa amekwisha kufungua yake, na saa nne wagonjwa wenye fedha taslimu walikuwa wanamsubiri huko. Aliinyanyua filamu dirishani, akaona moyo kulia, akasonya. "Mmeanza kubandika herufi ovyo," alisema, akaigeuza, moyo ukaja kushoto anakoujua yeye, na maji yakahamia kulia. Odeta alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua mdomo, akakumbuka kubonyeza, akaufunga. Akaenda kumpiga picha mtoto aliyevunjika mguu.

Sindano ya kutoa maji ilipigwa kulia. Maji hayakuwepo, kilichokuwepo ni moyo. Saa nane mchana Nkwabi alikuwa maiti, na kesho yake alikuwa njiani kurudi Magu nyuma ya pikapu.

Kamati ilikaa siku moja. Daktari alisema herufi ilibandikwa upande usio wake, akaionyesha: moyo huu hapa, na moyo wa binadamu uko kushoto, sasa herufi inafanya nini upande wa pili? Odeta alisema moyo wa yule mtu ulikuwa kulia. Wajumbe walitabasamu kwa adabu. Akataja nundu ya mtulinga. Wakatazama kona ile na kuona weusi mtupu. Hakuna atakayefukua kaburi kwa ajili ya mbonyezaji. Akatolewa kwenye mashine, akapewa stoo ya filamu, na kwa kuwa ilikuwa miaka ya watu kupunguzwa kazini kwa mafungu, aliambiwa ashukuru.

Alikwenda Magu kutoa pole, na kosa hilo alilijutia. Daktari alikuwa amekwisha kuwaeleza ndugu kwamba mama wa eksirei alichanganya pande. Mjane, Ng'washi, aliupokea mchele wake wa rambirambi, akaumwaga uani, kuku wakala wote mbele ya waombolezaji. "Nenda na mikono yako hiyo," alisema. "Na ikuozee."

Hayo yote Odeta angeweza kuyameza. Lililomkaa kooni ni la baadaye. Daktari Mihayo aliifanya ile picha kuwa somo. Kila mwaka, wanafunzi wapya walipoingia, aliitundika kwenye sanduku la taa na kuwaonyesha kosa la mpiga picha linavyoweza kuua. Wanafunzi wakaipa jina. Wakaiita Odeta. Mtu akibandika herufi vibaya, wenzake wanamwambia, "Umepiga Odeta leo." Na kwa kuwa picha ilikaa stoo, kila mwaka ni yeye aliyeitoa kabatini, akaiandika daftarini na kumkabidhi daktari mkononi.

"Ahsante, Odeta," daktari alisema kila mara, kwa sauti ya mtu anayemshukuru mhudumu wa chai.

Mara ngapi alishika msumari akitaka kuikwaruza? Mara nyingi. Lakini hakuikwaruza, maana filamu ile ndiyo iliyomfunga na ndiyo shahidi pekee wa siku ile. Aliifunga kwa karatasi laini, akaiweka mbali na unyevu. Aliitunza kama mtu anavyotunza kisu.

Mwaka 1998 ukaja mradi. Wafadhili wa nje walileta kompyuta na skana kubwa, wakitaka picha za zamani za vifua ziingizwe kwenye mashine, ili watafiti waone kama kompyuta inaweza kupima vivuli vya kifua kikuu vizuri kuliko jicho. Mkuu wa mradi alikuwa, ungedhani nani? Daktari Mihayo, sasa mwenye kitambi na gari la bluu. Mtaalamu wa kompyuta alikuwa Mehjabeen, mwanamke wa mjini hapo hapo, familia yao ina duka la vitambaa tangu enzi za babu. Odeta alipewa kazi ya kumbebea filamu kutoka stoo.

Siku ya tatu Mehjabeen alimwita. "Dada Odeta, njoo uone." Kwenye kioo palikuwa na picha moja iliyoungua. Mehjabeen alisogeza kipanya, na kwenye weusi zikatokea mbavu, moja moja, kama samaki anayepanda juu ya maji.

"Zimetoka wapi?" Odeta aliuliza.

"Zilikuwemo. Kwa macho yetu, nyeusi ni nyeusi tu. Mashine inahesabu weusi wa aina elfu na zaidi. Mimi naiambia hizi elfu izitandaze, basi."

 Odeta alikaa juu ya boksi la filamu. Jioni, watu walipoondoka, aliitoa ile picha kwenye karatasi yake laini na kumwomba Mehjabeen ampe dakika tano. Ikaingia. Kipanya kikasogea. Katika kona iliyokuwa giza miaka saba ukatokea mtulinga wa Nkwabi na nundu yake, upande ule ule wa herufi, na moyo uko ng'ambo.

Hapo panataka kueleweka. Geuza filamu hiyo unavyopenda, mbele nyuma, juu chini. Nundu na moyo havikai upande mmoja. Kama mfupa uliovunjika ni wa kushoto, basi moyo ulikuwa kulia, na herufi haikukosea hata kidogo. Kilichobaki ni mtu wa kuapa kwamba mfupa ulikuwa wa kushoto, na mtu huyo ni mmoja tu.

"Tumwambie daktari," alisema Mehjabeen.

"Hapana. Mwenyewe atatuambia siku ya wageni." Odeta alicheka, na Mehjabeen alisema baadaye kwamba hakukipenda kicheko kile.

Maana daktari alikuwa ameandaa semina. Wafadhili watakuja, profesa mmoja mama atatoka Dar es Salaam, na picha ya kufungulia itakuwa Odeta, kubwa ukutani, kuonyesha jinsi wapiga picha wanavyokosea na kwa nini kompyuta inahitajika. Odeta angeweza kwenda kimya kimya kwa mganga mkuu akasafishwa jina lake ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Hakutaka kusafishwa ofisini. Alitaka yule mtu avuliwe nguo ukumbini, mbele ya wazungu wake na wauguzi waliocheka.

Jumamosi alipanda basi la Magu. Ng'washi alikuwa anaanua mpunga. Alimtambua, akabaki na ungo mkononi.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuuliza neno moja tu, mama. Maksai alimvunja mzee bega lipi?"

Ng'washi aliuweka ungo chini. Halafu akagusa bega lake la kushoto. "Hakuweza kubeba kitu huku. Watoto wote aliwabeba kulia. Kwa nini unaniuliza?"

"Njoo Mwanza Alhamisi useme hivyo mbele ya watu. Utamjua aliyemuua mumeo."

Ng'washi alikuja na basi la kwanza, amejifunga kanga mpya, akakaa kiti cha nyuma karibu na Odeta.

Daktari Mihayo alisimama mbele na suti yake. Projekta ikawashwa, na kifua cha Nkwabi kikajaa ukuta mzima. Alieleza kama alivyozoea, kwa uzuri, na hata alitania. "Picha hii vijana wangu wanaiita Odeta," alisema. "Na Odeta mwenyewe tunaye humu, anatutunzia stoo." Watu waligeuka, wakatabasamu.

Odeta alikuwa amekwisha kusimama. "Samahani, daktari. Naomba kona ile ya juu itandazwe."

"Kaa chini, Odeta, tuna wageni."

Lakini Mehjabeen alikuwa na kipanya, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko amri. Weusi ukafunguka. Mtulinga ukatokea ukutani, mkubwa kama gogo, na nundu yake katikati.

"Huyu ni mke wa marehemu," alisema Odeta. "Mwulizeni mfupa huo ulivunjika mkono gani."

Ng'washi alinyanyua mkono wake wa kushoto bila kuulizwa.

Profesa wa Dar alisogea mpaka karibu na ukuta. Alitazama nundu, akatazama herufi, akatazama moyo. Hakuchukua dakika moja. "Moyo wake ulikuwa kulia," alisema. "Herufi iko sawa. Ni nani aliyeisoma picha hii?"

Watu waligeukia mbele. Daktari Mihayo alikuwa ameshika kingo za meza, jasho likimtoka kwenye kola. Mfadhili mmoja alifunga daftari lake. Muuguzi aliyekuwa akirudia kubonyeza, sasa mkuu wa wodi, aliangalia viatu vyake. Odeta aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu aliyekaa njaa muda mrefu na sasa hataki kula haraka. Ilikuwa tamu. Nisiseme uongo, ilikuwa tamu kama alivyoiota miaka yote saba, na alitamani isiishe.

Daktari ndiye aliyeimaliza. Alinyanyua macho, na hakumtazama profesa.

"Ulikuwa mlangoni nilipoigeuza," alisema. "Wewe uliijua picha yako. Mbona hukusema?"

Odeta alikuwa na jibu lake tayari tangu zamani. "Ulinikataza kusoma picha," alisema. "Mbele ya watu."

Watu wengine walitikisa kichwa kukubaliana naye. Lakini Ng'washi alimvuta mkono wa gauni.

"Mimi sijauliza alichokukataza," alisema. "Nauliza mimi. Ulijua wanakwenda kumchoma upande usio wenyewe?"

Odeta aligeuka kumtazama. "Nilidhani atampima kifua kwanza kwa mkono," alisema. "Nilidhani atagundua mwenyewe. Nilitaka aaibike kidogo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Ng'washi aliuachia mkono wa gauni. Alichukua kikapu chake chini ya kiti, akaifunga kanga yake vizuri, akawatazama wote wawili, daktari kule mbele na Odeta hapa ubavuni.

"Miaka saba nimekuwa nikilaani jina moja," alisema. "Kumbe mlikuwa wawili."