Alama Moja ya Kabula

Kwa wiki tatu swali moja limeninyima usingizi: siku ile darasani, nilijua au sikujua? Lilianza nilipopita soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, harufu ya dagaa waliotandazwa juani ikanijaa puani, nikajikuta nimerudi darasa la sita bila kupenda. Mwaka ule mvua zilichelewa, jua likawa kali, na nyumbani kwao Kabula kila mwenye mikono alianika dagaa. Kabula alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Alikuja shule na magamba madogo yamenata kwenye kucha, akinukia sabuni na ziwa kwa pamoja. Mimi, binti wa nesi kutoka Kagera, nilikuja na kamusi ya mama kwenye begi, na darasa zima liliniita nshomile, kama wanavyotaniwa Wahaya kwa kujiona wamesoma.

Muhula ule mwalimu wa Kiingereza alitufundisha maneno ya kinyume. Alikuwa anatafuta mmoja wa kuiwakilisha shule kwenye mashindano, na tulibaki wawili, mimi na Kabula. Jaribio la mwisho lilikuwa la maneno ya kupasuka, kuvimba na kutanuka. Tuandike kinyume chake. Kisha tukabadilishana madaftari tusahihishane, kama kawaida yetu, majibu yakiwa ubaoni. Kinyume cha expand, yaani kutanuka, ubaoni palikuwa na contract, kusinyaa. Kabula alikuwa ameandika shrink, kunywea. Nikamwekea kosa kwa peni nyekundu, la pekee katika ukurasa wote; kwangu yeye hakukuta hata moja.

Kabula alinyoosha kidole. “Mwalimu, dagaa wakipigwa jua wana-shrink. Si ndiyo kinyume cha ku-expand?”

“Dagaa tena!” mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alinigeukia. “Koku, wewe mwenye kamusi. Hilo neno lake linafaa?”

Nilikuwa nimelisoma kwenye kamusi jana yake, limekaa kando ya lile la ubaoni. Nikapiga hesabu: nikisema ndiyo, tutalingana, na huenda akachaguliwa yeye, nikisema hapana, nitakuwa nimedanganya. Nikapita katikati. “Sijui, mwalimu. Nimefuata ubao.” Kabula aliniangalia, akalichukua daftari lake taratibu. Nilikwenda kwenye mashindano, nikarudi mikono mitupu. Hatukugombana, na hilo ndilo baya zaidi. Alihamia dawati la dirishani, na tangu hapo alijibu pale tu alipotajwa jina.

Miaka yote nilijiambia nilikuwa mtoto, labda kweli nilisahau. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami nilijifanya sikudungwa. Sasa nina shahada, nimekaa nyumbani nikituma barua za maombi ya kazi, na kwenye usaili nikiulizwa jambo ninalolijua, bado nayatazama kwanza macho ya anayeuliza nione anataka jibu gani. Kabula, niliambiwa, anauza kwenye duka la dawa Buhongwa. Nikawaza: amesahau? Atanicheka? Naenda kwa ajili yake au yangu? Jumamosi asubuhi niliona kwamba maswali hayo yangenitosha mwaka mzima. Nikavaa viatu, nikaenda.

“Koku! Umepotea wewe!” alisema, akinivutia kiti nyuma ya kaunta. “Au umeolewa kimyakimya?”

“Kabula, lile neno la darasa la sita nilikuwa nalijua,” nilisema kabla sijakaa. “Jibu lako lilikuwa sahihi. Nilisema sijui makusudi.”

Alikuwa anapanga chupa kwenye rafu, akaacha.

“Nilijua unajua,” alisema. “Nilikusubiri useme mpaka tukamaliza la saba.”

Hakusema amenisamehe. Akaingia mama mmoja mwenye mtoto anayekohoa, Kabula akamwamkia na kuanza kumhudumia. Sikuaga. Nilikaa kwenye kile kiti, nikamngoja amalize.