Unga wa Jumapili

Mtu akisema mbele yangu kwamba Sulieti ni mchoyo, namjibu papo hapo, tena kwa sauti. Mimi Kalolaine ni jirani yake ukuta kwa ukuta, na tangu alipowasha tanuri lake hapa Kolonga ni mimi ninayekanda naye unga. Najua anachotoa na najua anachonyang'anywa. Watu wa kijiji hiki hujitia hawajui tofauti.

Tanuri lile hakupewa na mtu. Alikwenda Australia kuchuma zabibu kwenye mashamba ya watu, msimu baada ya msimu, mikono ikampasuka, watoto akawaacha na Kepueli mumewe na mimi. Wenzake walirudi na magari. Yeye alirudi na tanuri la chuma, na siku ya kulitoa bandarini walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamwuliza, "Sulieti, hilo linakwenda kasi gani?" Akamjibu, "Kasi ya njaa yako." Huyo ndiye Sulieti. Mfupi, mdomo upo, na akishika kazi haachi mpaka imeisha.

Sasa, kwetu Tonga Jumapili hakuna duka wala soko. Hata ukianika nguo utaangaliwa vibaya. Mkate tu ndio unaoruhusiwa, jioni, na watu wakitoka ibadani wanakuja dirishani kwetu na mikeka yao ya heshima bado imefungwa viunoni, watoto wakiwavuta mikono. Mwoka mikate mdogo anaishi kwa jioni hiyo moja. Akiikosa, wateja wanakwenda kijiji cha pili, na wakishazoea huko kuwarudisha ni kazi. Mwaka uliopita tuliikosa mara nyingi mpaka nikawa naona haya kupita njiani. Watu wananiuliza, "Vipi leo, tanuri limekufa?" Tanuri lilikuwa zima! Sisi tulikuwa wazima! Unga ndio uliokuwa umechukuliwa.

Mchukuaji ni mmoja tu, Lupe, dada mkubwa wa Kepueli. Jina hilo maana yake njiwa. Njiwa gani huyo anayebeba magunia? Lakini ndiye shangazi wa watoto wa Kepueli, na kwetu shangazi ni fahu: kilicho cha watoto wa kaka au mdogo wake ni chake, anachukua bila kuomba, na wewe unasimama unashukuru kwamba amekuheshimu kwa kuchukua kwako. Kukitokea msiba, Lupe huyo. Harusi, Lupe huyo. Mgeni wa mchungaji akipiga chafya, Lupe amefika na pikapu. Na mke aliyeolewa katika ukoo ule, kama Sulieti, hana neno. Mimi sisemi mila ni mbaya. Nasema mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa hana haya.

Mwezi wa Desemba alikuja binti mmoja kutoka mjini kuwafundisha wenye biashara ndogo jinsi ya kupanga malengo ya mwaka mpya. Sulieti alirudi kutoka ukumbini macho yakimwaka, akaanza kunipigia hesabu tukiwa tunakanda.

"Nataka nipake ukuta rangi. Nataka nianze kuuza na keki za harusi. Nataka tanuri la pili."

"Na mume wa pili je?"

"Huyu wa kwanza bado sijammaliza."

Tulicheka, kisha nikamwambia ukweli wangu. "Shoga, hayo yote mapambo. Mtu akija Jumapili akute mkate. Basi."

Akazamisha mikono ndani ya unga mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Umenena. Yule binti kasema lengo liwe ambalo hata mtoto anaweza kukuuliza kama umelitimiza, ukajibu ndiyo au hapana. Mwaka huu mpya hatukosi mkate Jumapili hata moja. Tukikosa, nalizima tanuri, narudi kwenye zabibu."

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hakuwa anatania. Nikaogopa, maana watoto wake wa mwisho bado wadogo, na yule mdogo kabisa alikuwa ameshaanza kuniita mimi mama kipindi kile mama yake hayupo.

Basi Januari ikaingia na wiki yake ya maombi, kanisani alfajiri na jioni, na katikati karamu kwa zamu za koo. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa letu kabisa, sisi watu tusioweza kuwa na jambo moyoni bila kusimama kulisema kanisani. Ijumaa alfajiri, watu walipokuwa wakisimama kushukuru na kuomba, Sulieti naye akasimama.

"Namshukuru Mungu kwa mwaka mpya," akasema. "Ahadi ya nyumba yetu ni hii: mwaka huu hatutakosa kuwaokea mkate Jumapili hata moja. Na unga wa kwanza umeshafika, uko stoo."

Mungu wangu! Nikamvuta gauni mpaka akakaa.

"Stoo umeitajia nini?" nikamnong'oneza.

"Si nashukuru!"

"Mshukuru kimya kimya! Mungu stoo anaijua ilipo!"

Kwenye kiti cha mbele Lupe aligeuka, akatutazama, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyebarikiwa. Na lazima mjue kwamba meli ya unga ilikuwa haijaingia tangu kabla ya Krismasi. Madukani mjini rafu zilikuwa tupu. Ule wetu Sulieti alikuwa ameuhangaikia duka kwa duka, akiwabembeleza watu, akibeba mwenyewe. Kolonga nzima hapakuwa na unga mwingine wa maana.

Jumamosi, jua limeshapanda, tunaandaa hamira ya kesho, pikapu ikaingia uani. Kepueli akachungulia, akamwona dada yake. Kwetu mwanamume mzima hakai chumba kimoja na dada yake, hiyo ni heshima. Kwa hiyo akaweka bakuli chini, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuangalia nguruwe. Nguruwe ambao wiki nzima hakuwa amewaangalia!

Lupe akaingia na vijana wake wawili, amependeza, marashi yake yakafika kabla yake.

"Heri ya mwaka mpya, wifi," akamwambia Sulieti. "Kesho ni zamu ya ukoo wetu kulisha kanisa. Natengeneza faikakai." Hayo ni madonge ya unga katika tui na sukari, mazuri sana, na yanakula unga bila huruma. "Vijana, stoo ile pale."

"Wifi," Sulieti akasema, sauti ya chini kabisa. "Ulinisikia jana kanisani. Nichukulie nusu. Niachie wa kesho tu."

"Nilikusikia, ndiyo maana nimekuja. Ulimshukuru Mungu kwa unga. Sasa Mungu anakula kesho kwangu."

Mimi nikashindwa kujizuia. "Lupe, jamani! Huyu ameahidi mbele ya kanisa zima. Unataka wamwite mwongo?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe Kalolaine uliingia lini katika ukoo huu? Nachukua cha watoto wa mdogo wangu. Hicho si cha Sulieti, wala si chako wewe mpiga domo."

"Kama ni cha watoto, watoto nao wanakula mkate!"

"Basi waje kwenye karamu, watakula faikakai."

Vijana walipita katikati yetu na magunia mabegani, mmoja baada ya mwingine, mpaka stoo ikabaki na ufagio. Na mwenye kuvuna sifa kesho yake atakuwa nani? Lupe! Watasema mkono wa Lupe umefunguka, Lupe amelisha kanisa.  Nilitaka kumwagia ile hamira.

Pikapu ilipotoka, Kepueli akatokea nyuma ya banda.

"Ameondoka?"

"Ameondoka," nikamwambia. "Na unga kaondoka nao. Nguruwe wamekusalimu?"

"Ningefanya nini, Kalolaine? Ni dada yangu." Na uso wake kweli ulikuwa wa kuhuzunisha, lakini mimi sikuwa na huruma ya kugawa siku ile.

Sulieti akampita tu. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akiutazama mlango wa stoo. Nikajua anaziona zile zabibu. Kisha akavua aproni, akachukua funguo za gari letu la mikate, akaniambia, "Panda."

"Wapi?"

"Kolovai. Kwa kaka yangu."

Kolovai ndiko alikozaliwa, upande wa pili wa kisiwa. Feleti kaka yake ana kiduka pale kando ya barabara, yeye na mkewe Pisila. Njia nzima mimi nilikuwa nikimsema Lupe. Nilimsema tangu kuzaliwa kwake, nikamsema viatu vyake, nikamsema faikakai yake ambayo siku zote huweka sukari kupita kiasi. Sulieti alikuwa anaendesha tu. Nikadhani anakwenda kuazima. Naapa nilidhani anakwenda kuazima.

Tulipofika, Feleti alimwona dada yake anashuka garini, akatoka nje kwa upande wa jikoni. Akabaki Pisila nyuma ya meza ya duka, mwanamke mwembamba, mpole. Nyuma yake kulikuwa na magunia ya unga yamepangwa vizuri, na karai jipya la kukaangia bado lina karatasi ya dukani.

"Karibu wifi," Pisila akasema. Akayaangalia macho ya Sulieti, akalitazama gari letu, na tabasamu likamwisha. "Magunia mangapi?"

Hakuuliza umekuja kwa nini. Aliuliza mangapi.

"Yote," Sulieti akasema.

Pisila aliweka mkono juu ya gunia la karibu. "Jumatatu naanza kuuza maandazi," akasema. "Asubuhi, kwa wanaojenga barabara. Nimeshazungumza na msimamizi wao. Nilijiwekea kwamba mwaka huu na mimi niwe na kitu changu. Unga huu nimeukusanya tangu Novemba."

Nikamtazama Sulieti. Nikamwambia moyoni, sema nusu. Sema hata lile gunia moja. Sulieti alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Nimeahidi kanisani, Pisila."

"Mimi sikuahidi popote," Pisila akasema. "Nilimwambia Feleti tu." Kisha akatoa mkono juu ya gunia, akasogea pembeni. "Chukua, wifi. Ni cha watoto wangu, na shangazi yao ni wewe."

Tukabeba. Mimi pia nilibeba, nisijifanye malaika. Pisila alitusaidia kuyapandisha garini, hata akatufungia kamba, na alipomaliza akajipangusa unga kwenye mikono na kutuambia twende salama. Njia ya kurudi sikuwa na la kusema kuhusu Lupe. Kila nilipofungua mdomo niliona ile mikono.

"Nitamrudishia," Sulieti akasema tulipokaribia nyumbani.

"Lini?"

Akakata kona kuingia uani.

Jumapili tulioka. Ilitoka mikate mizuri, imeumuka, imepiga rangi, na jioni foleni ilifika barabarani. Watu walimpongeza Sulieti kila mmoja kwa zamu yake. Mke wa mchungaji alimshika mkono dirishani akasema Mungu amesikia ahadi yake. Mimi niligawa mikate kwa hasira, na hasira yenyewe sasa haikuwa na pa kukaa. Nilimpa mzee mmoja mkate kama ninayemrushia, masikini, akaniuliza amenikosea nini.

Kisha akaja Lupe. Hakupanga foleni, Lupe hapangi foleni. Akaingia kwa mlango wa pembeni, ameshiba sifa za karamu yake, akaichungulia mikate.

"Mnaona? Mlininunia bure. Unga si ulipatikana?"

Sulieti aligeuka. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, atamwambia. Na kweli alimwambia, tena kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia.

"Ulipatikana kwa Pisila, mke wa kaka yangu. Alikuwa anataka kuanza biashara yake kesho. Nilikwenda, nikauchukua wote, hata kijiko sikumwachia. Nimemfanyia vile vile unavyonifanyia mimi."

Nilisubiri Lupe aone haya. Hata kidogo tu, hata kutazama chini. Badala yake uso wake ulifunguka, akacheka kicheko cha furaha, cha mtu aliyepata ndugu.

"Sasa ndiyo umekuwa mtu," akasema. "Nilikuwa najiuliza utajua lini wewe ni nani kwenu." Akamshika Sulieti mabega, na kwa mara ya kwanza tangu alipoolewa kwao akambusu shavuni, hapo mbele ya watu.

Sulieti alibaki amesimama, mikono imening'inia, kama mtu aliyepigwa kofi.  Watu wa foleni wakapiga makofi, wakidhani mawifi wamepatana. Mimi nikashika ubao wa dirisha nikaufunga, mikate ikiwa bado imejaa mezani, nikaweka na komeo. Wakagonga, wakaita, wakauliza kwa nini, na sisi watatu, mimi, Sulieti na Lupe, tukakaa mle ndani, Sulieti akijifuta lile shavu kwa aproni.