Kifaa Changu Kwenye Mnada wa Mavuno

Msomaji, usimcheke mtu anayempelekea fundi gari lake. Mimi nilimcheka.

Jumapili ya mavuno nilimfuata mama mkwe kwake, juu ya mji wa Usa River, nimpeleke kanisani na mkungu wake wa ndizi. Taa ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, lakini nilikuwa na dawa yake: kifaa nilichojitengenezea cha kuunganisha gari na kompyuta ili isome ugonjwa wake, nyaya tupu ndani ya kiboksi cha sabuni.

"Mama, dakika mbili tu." Nikawasha swichi ya gari, nikachomeka kifaa chini ya usukani. Kompyuta kimya. Nikachomoa, nikalehemu upya, nikarudia, swichi nikiiacha imewashwa hivyo hivyo. Kengele ya pili ya kanisa ikalia. Mama amesimama na kitenge kipya, mkono shavuni.

Mwishowe maandishi yakatokea. Nikashangilia kama nimefunga goli.

"Linasemaje, Baba Neema?"

"Linasema betri imeisha."

"Na nani kaimaliza?"

Wanakwaya waliokuwa wanapita na majoho yao wakatusukuma mpaka gari likawaka.

Baada ya ibada, sadaka za mazao zilipopigwa mnada nje, mama akatoa kwenye mkoba wake kiboksi changu, sijui alikichukua saa ngapi, akakiweka kati ya mkungu na kuku.

"Haya ni mavuno ya mkwe wangu," akamwambia mnadishaji.

Kikainuliwa juu, kikageuzwa huku na huku. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ikabidi nikinunue mwenyewe, na washarika wakanipigia makofi.

Taa ya injini bado inawaka.